Maji Yana Haya

Mko macho?

— Tuko macho!

Na masikio?

— Yako wazi!

Niilete ngano, nisiilete?

— Ilete, mwenye ngano, ilete ingali mbichi!

Ina uongo ndani yake.

— Huo tutautafuna!

Ina ukweli pia.

— Huo tutaumeza!

Haya, sogeeni. Anayepukuchua mahindi na apukuchue, mikono haisikilizi ngano.

Alikuwapo Kaa. Simsemi yule wa baharini anayeuzwa kwa fungu. Namsema Kaa wa mlimani, rangi ya udongo, mdogo kama ganda la yai. Aliishi kwenye chemchemi moja huko Upare, upande wa mlima ambako jua huchelewa kufika. Chemchemi hiyo watu waliiita Haikauki.

Kazi ya Kaa ilikuwa moja. Asubuhi alichokonoa. Mchana alichokonoa. Jioni alichokonoa. Maji ya Haikauki yalitoka chini ya mlima kwa kitundu kidogo, na kitundu hicho wenyeji walikiita jicho la maji. Jicho likiingia mchanga, Kaa anautoa. Jicho likiingia jani, Kaa analitoa. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru! Yeye alikuwa akiimba, na dada yake aliyefanya naye kazi alikuwa akiitikia. Leo nyinyi ndio dada yake.

Jicho la maji, usilale,
— Kwaru-kwaru!
Kuna mtoto hajanywa bado,
— Kwaru-kwaru!
Usilale, usifumbe,
— Kwaru-kwaru!

Vizuri. Dada yake angefurahi.

Watu nao walikuwa na taratibu zao. Asubuhi maji yalikuwa ya watu. Adhuhuri yalipumzika, hayaguswi. Jioni yalikuwa ya wanyama: pongo, mbega, kwale, wote wenye manyoya na wenye mabawa. Hakuna aliyefulia pale. Hakuna aliyechovya chungu chenye masizi. Mkuyu uliofunika chemchemi haukukatwa hata kijiti cha kuwashia moto. Na kaa? Kaa haliwi, kaa hatolewi. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni mwiko. Ukiuliza tena, unaambiwa nenda kateke maji, jua linapanda.

Basi ukaja mwaka wa ukame. Vuli haikunyesha. Masika ikachungulia, ikarudi ilikotoka. Kule chini mbugani madimbwi yakawa tope, tope likawa vumbi, vumbi likapeperuka. Na kutoka ndani ya vumbi lile akapanda Nyati.

Nyati huyo, jamani! Shingo kama gogo, pembe unazipisha njia kabla hujamwona mwenyewe. Alipanda mlima akihema, mfu! mfu! mfu!, akifuata harufu ya maji. Alikuwa na kiu ya kweli, tusimsingizie. Miguu yake ya nyuma ilikuwa ikitetemeka. Wanyama walipomwona hali ile wakamhurumia. Pongo akasema, "Mgeni huyu ametoka mbali. Na atangulie."

Akatangulia. Akanywa, gubu-gubu-gubu! Kiu ikaisha, akanywa. Tumbo likajaa, akanywa. Aliposhindwa kunywa, akaingia na miguu yote minne, akajilaza, pwataa! Maji yakamfika shingoni. Akafumba macho.

"Ahaa," akasema. "Yangu."

Wanyama wakangoja atoke. Hakutoka. Wakaondoka mmoja mmoja, na kiu yao.

Asubuhi wakaja watu, na wa kwanza alikuwa Nakijwa. Huyu alikuwa mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi, na mwaka ule zamu ya kufagia chemchemi ilikuwa ya nyumba yake. Kichwani alikuwa na ngata, mkononi kibuyu, mgongoni mtoto wake mchanga aitwaye Mbonea. Akamkuta Nyati amelala ndani ya maji ya kunywa.

"Shikamoo, mzee Nyati."

"Mfu."

"Mzee wangu, maji haya yana zamu. Asubuhi yetu, jioni yenu. Sasa wewe umelala ndani. Sisi tutekeje?"

"Zamu ni ya wadogo," akasema Nyati. "Mkubwa hana zamu."

"Haya, mkubwa hana zamu. Lakini mtoto ana kiu."

Akainama ateke pale ukingoni. Nyati hata hakuinuka. Alitikisa pembe moja tu. Pwaa! Kibuyu kikapasuka vipande. Nakijwa akavitazama vile vipande. Kibuyu kile alipewa na mama yake siku anaolewa. Hakulia mbele ya Nyati. Alilia njiani, huku Mbonea naye akilia mgongoni, kila mtu na lake.

Siku zikaenda. Maji yanayolaliwa hayawi maji tena. Yakachafuka. Yakapungua. Yakatoka shingoni mwa Nyati, yakashuka begani, yakashuka tumboni. Na mkubwa akipungukiwa, hapo ndipo huanza kuuliza maswali.

"Nani mwenye maji?" akamuuliza Chura.

"Mwenye maji simjui," akasema Chura. "Mimi huyaita. Kroo, kroo! Nikiita, mvua inajua kuna wanaoingoja."

"Basi yaite!"

Chura akaita, kroo, kroo, kroo, mpaka sauti ikakauka kooni. Maji hayakuongezeka.

"Nani mwenye maji?" akauuliza Mkuyu.

"Mwenye maji simjui," ukasema Mkuyu. "Mimi huyashika. Nayakumbatia kwa mizizi yasiteremke yote kwa pamoja."

"Basi yaachie!"

Akausukuma Mkuyu kwa bega, akausugua kwa pembe, gome likachubuka na utomvu mweupe ukachuruzika. Maji hayakuongezeka.

Chura alisema kweli. Mkuyu ulisema kweli. Lakini katika maneno yao yote, Nyati alisikia lile moja tu aliloanza nalo yeye mwenyewe: mwenye. Akatazama chini, akaona kitu kidogo kinatembea upandeupande.

"Wewe nani?"

"Kaa."

"Sikai! Nimechoka kukaa. Nimekuuliza jina lako."

"Nami nimekutajia, mzee. Kaa."

"Unaniamuru?"

"Siamuru. Mimi Kaa, dada yangu Kaa, na marehemu mama yetu alikuwa Kaa."

"Ukoo mzima wa kuamuru wenzenu!" akafoka Nyati. "Haya niambie, nani mwenye maji?"

Sasa sikilizeni. Tangu azaliwe, Kaa hakuwahi kuulizwa kuhusu kazi yake. Watu walimruka. Wanyama walimkanyaga kwa bahati mbaya wakasema samahani. Leo mkubwa kama huyu ameinamisha kichwa, anamuuliza! Kaa akafurahi. Akasahau yote aliyomwona Nyati akiyafanya. Akaeleza yote.

"Mwenye maji simjui, mzee, lakini jicho lake tunalifungua sisi. Linakaa pale, chini ya jiwe lile jeusi. Tunachokonoa kidogo kidogo. Mchanga tunautoa, udongo mgumu wa pembeni tunauacha, maana huo ndio kope za jicho. Ukiugusa huo, jicho linaanguka ndani."

Nyati akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Kumbe ni kuchimba! Wewe na vigando hivyo umetoa chemchemi, mimi na pembe hizi nitatoa ziwa."

"Ngoja, mzee! Dada yangu yumo ndani!"

Hakungoja. Akashusha pembe, akaingiza chini ya jiwe jeusi, akang'oa. Gbuu! Jiwe likaruka. Gbuu! Udongo ukaruka. Kope zikavunjika, maji yakawa mazito kama mchuzi wa bizari, kisha yakaanza kuzama. Jicho likafumba. Zikabaki tone, tone, tone, kama paa bovu baada ya mvua.

Nyati akasimama juu ya tope lile akishangaa.

Kaa akaingia matopeni kumtafuta dada yake. Akatafuta asubuhi. Akatafuta mchana. Jioni akapata gando moja, la kushoto. Akalizika kwenye mzizi wa Mkuyu. Kisha akajaribu kuimba, kwa sababu mikono ikizoea kazi inataka wimbo wake.

Jicho la maji, usilale...

Msiitikie. Dada hayupo.

Akaacha kuimba, akawaza. "Nilimpa ukweli," akajiambia, "naye akauchimba kwa pembe mpaka akaniulia ndugu. Kosa si la ukweli. Lakini ukweli mwingine wa kumpa huyu sina. Sasa nitampa uongo, tuone pembe zitashika wapi."

Adhuhuri ya siku iliyofuata akaiacha chemchemi, akapanda njia ya watu. Kaa wa majini, juu ya vumbi la moto! Upandeupande, upandeupande, gamba likimkauka, pumzi ikimkata. Akafika kizingitini kwa Nakijwa akiwa hawezi hata kuinua gando.

Nakijwa alikuwa amekaa mlangoni akimpepea Mbonea. Akamwona. Alikuwa na maji kidogo chini ya mtungi, ya mtoto. Akamtazama mtoto, akamtazama Kaa. Akachovya vidole, akamdondoshea Kaa matone mgongoni.

"Mwenzangu," akasema, "wewe ukitoka majini, basi huko hakuna tena mji."

"Mji upo, umefukiwa," akasema Kaa. "Pole ya kibuyu."

"Asante. Nasikia umefiwa. Pole sana."

Halafu Nakijwa akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba. Chwi-chwi, chwi-chwi. "Unasikia? Wanaume wananoa mikuki. Kesho yule Nyati ni kitoweo."

"Atafia wapi?"

"Si hapo hapo majini!"

"Mzoga ule utaozea ndani ya jicho. Mtakunywa nini mwaka huu? Mwakani mtakunywa nini?"

Nakijwa akaacha kupepea. "Basi tumfukuze kwa ngoma na moto."

"Atarudi. Kule alikotoka hakuna kitu. Mimi sitaki afe, wala sitaki aondoke."

"Unataka nini basi?"

"Nataka ageuke."

"Ageuke?"

"Ageuke tu. Yaliyobaki niachie. Wewe waambie wanaume waweke mikuki chini. Nipe nafasi nitengeneze jicho. Ukiona mbega wanashuka kunywa, uje na wanawake wenzako kwa njia ya juu, nyuma ya Mkuyu. Vibuyu tu. Midomo iwe imefungwa. Mimi nikiimba, tekeni. Nikinyamaza, nanyi muwe mawe."

"Kufunga mdomo," akasema Nakijwa, "hiyo ndiyo kazi kubwa uliyonipa." Lakini akaenda akawaambia wanaume waweke mikuki chini, kisha akamfunga Kaa kwenye jani bichi la mgomba, akamrudisha mwenyewe hadi karibu na chemchemi, asikaukie njiani.

Kaa akamwendea Nyati.

"Mzee, pole na kazi."

"Maji yameenda wapi?" Nyati hakuwa akifoka tena. Ulimi ulikuwa nje.

"Yapo, mzee. Yana haya tu."

"Haya? Maji?"

"Hapo ulipochimba panaitwaje?"

"Jicho. Ulisema mwenyewe."

"Na jicho likikodolewa macho hufanya nini?"

Nyati akafikiri. Kufikiri kwake kulionekana, masikio yalikuwa yakienda mbele na nyuma. "Hufumba," akasema.

"Wewe umelikodolea tangu ulipofika. Umelilalia. Umelichoma pembe. Lingekutazama kwa uso gani?"

"Nifanye nini sasa?"

"Ligeuzie mgongo. Simama kule nje ya mizizi ya Mkuyu, utazame mbugani. Usigeuke hata usikie nini. Mimi nitalibembeleza kwa wimbo. Jua likishuka nitakuita, uje kinyumenyume, ugeuze kichwa macho umefumba, unywe, urudi mahali pako."

"Na wezi wakija kuniibia maji yangu?"

"Ndiyo maana unatazama mbugani, mzee. Mwizi wa maji atatoka wapi kama si huko?"

Nyati akaona hapo pana maneno. Yeye mwenyewe alitoka huko. Akajivuta, akaenda kusimama nje ya mizizi, akaipa chemchemi mgongo.

Ndugu zangu, sasa Kaa na jamaa zake waliosalia wakaanza kazi. Kazi ya jicho haina haraka. Mchanga nje, udongo mgumu ubaki. Kope moja, kope nyingine. Mara mbili jicho liliwaangukia, wakaanza upya. Jioni Nyati aliitwa, akaja kinyumenyume, mkia mbele, akanywa tope la kulowesha ulimi. "Halijafumbua?" "Limekonyeza tu, mzee." Akarudi akinung'unika, lakini akarudi.

Hata ikafika siku moja, tone likawa uzi. Uzi ukawa kamba. Chururu, chururu, chururu. Mbega wakashuka kunywa. Nakijwa akawaona.

Wakaja wanawake kwa njia ya juu, miguu mitupu, midomo wameibana. Nyati amesimama pale, mgongo kama kichuguu. Kaa akaanza wimbo.

Jicho la maji, usilale,

Kibuyu kikazama: kubwi-kubwi-kubwi.

Kuna mtoto hajanywa bado,

Kubwi-kubwi-kubwi.

"Kaa!" akaita Nyati bila kugeuka. Wanawake wakawa mawe. "Nani anakuitikia?"

"Jicho lenyewe, mzee. Limeanza kuzoea."

"Aa. Endelea."

Akaendelea. Vibuyu vikaendelea. Mara Mbonea akaamka mgongoni kwa mama yake, akaona maji, akapiga yowe. Ngaaa!

Nakijwa akamziba mdomo, amechelewa. Masikio ya Nyati yakasimama. Shingo ikaanza kuzunguka, polepole, kama jiwe la kusagia. Hapo wanawake wote waliona mauti. Ilibaki nusu ya nusu, jicho la Nyati liwaone.

"Mzee, usigeuke!" akalia Kaa. "Maji yamezaa!"

Shingo ikasimama. "Yamefanya nini?"

"Yamezaa. Huyo ni mtoto wa maji. Ametoka sasa hivi."

Nyati akageuza sikio moja nyuma. "Wangu?"

"Wa nani mwingine, mzee, na wewe ndiye unayelinda?"

Nyati akarudisha shingo mbele. Akasimama wima kuliko alivyowahi kusimama. "Basi mwambieni asilie," akasema kwa sauti ya chini. "Mpeni maji anywe." Halafu akafikiri tena. "Mtoto wa maji hunywa maji?"

"Hunywa nini basi, mzee?"

"Ni kweli," akasema Nyati.

Mbonea akanywa. Nakijwa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mdomo wake mwenyewe ameuziba kwa mkono mzima.

Toka siku hiyo Nyati akalinda kwa moyo. Ngiri wakapanda kutoka mbugani, kundi zima, wanataka kugaagaa. Akawatimua hadi chini ya mlima. "Ondokeni! Maji yanaona haya!" Ngiri wakakimbia hawajui wamekosa nini. Wakaja nyani na fujo zao, akawatimua. "Taratibu! Kuna mtoto!" Kila jioni alikuja kinyumenyume, akanywa zamu yake macho kafumba, akarudi. Na nyuma yake, asubuhi watu, adhuhuri maji yakapumzika, jioni wanyama. Ilikuwa kama zamani, ila dada wa Kaa hayupo, na Kaa alipoimba aliacha nafasi pale ambapo dada yake angeitikia.

Mwisho vuli ikanyesha. Ikanyesha juu ya mlima, ikanyesha mbugani. Haikauki ikajaa, ikamwagika, ikapita katikati ya kwato za Nyati ikishuka kwenda chini. Nyati akahisi ubaridi miguuni.

"Kaa," akaita. "Naona yametosha. Sasa nigeuke, nichukue yangu yote?"

Kaa angeweza kumdanganya tena. Uongo alikuwa nao, na mwingine akiba. Lakini alikuwa amechoka kusema asichokiamini kila jioni.

"Geuka," akasema.

Nyati akageuka. Akaona maji meupe, yametulia, mchanga unaonekana chini. Akafurahi. Halafu akaona tope la ukingoni. Tope laini huandika kila kitu, na hilo lilikuwa limeandika kiangazi kizima. Nyayo za wanawake, nyingi, moja juu ya nyingine. Kwato za pongo. Vidole vya mbega, vya kwale. Duara za vitako vya vibuyu. Na pale katikati, viganja viwili vidogo na magoti mawili madogo, maana Mbonea alikuwa ameanza kutambaa.

Akavitazama viganja vile muda mrefu.

"Huyu ndiye mtoto wa maji?"

"Ndiye, mzee."

"Ni mtoto wa mtu."

"Ndiyo, mzee. Na kiu yake ilikuwa kiu."

"Walikunywa wote nyuma yangu."

"Wote. Na wewe ulikunywa kila jioni."

Nyati akainua kwato la mbele, akaliweka juu ya Kaa, halijagusa. Kivuli chake kikamfunika mzima. Kaa hakukimbia. Angekimbilia wapi, naye anatembea upandeupande?

"Ulinidanganya," akasema Nyati.

"Nilikudanganya. Nilipokuambia ukweli ulimuua dada yangu."

Kwato likabaki hewani. "Dada yako?"

"Alikuwa ndani ya jicho. Nilikuambia ngoja."

Mimi nadhani Nyati alikuwa amelisikia neno hilo siku ile, ila alilisikia kama unavyosikia mvua kwenye nyumba ya jirani. Leo ilikuwa inamnyeshea yeye. Kwato likashuka taratibu, likatua kando. Hakuomba msamaha, shingo ya nyati haikuumbwa kwa hilo. Akainama akanywa macho yamefumbuliwa, kidogo, kiasi cha mwenye safari. Kisha akaondoka, akashika njia ya chini, akikanyaga mawe, akiliepuka tope la ukingoni asivuruge nyayo.

Kule mbugani jamaa zake waliosalia walikuwa wamekonda, ngozi juu ya mifupa. Wakamshangaa. "Ndugu yetu, mbona umenawiri? Maji uliyapata wapi mwaka huu?"

Nyati akatazama kushoto, akatazama kulia. Angesema nini? Kwamba Kaa alimsimamisha kama kigingi kiangazi kizima?

"Niliyatengeneza," akasema.

"Uliyatengenezaje?"

"Niliyageuzia mgongo."

Wakamwamini. Wakaenda kumsimulia kila waliyekutana naye. Ndiyo maana hadi leo ukipita karibu na msitu utamkuta nyati dume mzee, amejitenga na kundi, amesimama pembeni amekukazia macho. Usimpigie kelele. Anajua analinda kitu, hakumbuki vizuri ni nini.

Na Kaa? Kaa anachokonoa.

Sasa ngano bila fundisho ni mtungi bila kitako, utausimamisha wapi? Fundisho lake hili hapa, nililipata kwa Nyati mwenyewe: wakubwa ndio wanaotoa maji. Wadogo kazi yao ni kunywa na kushukuru. Kwa hiyo siku mkimwona mkubwa amewageuzia mgongo, msinung'unike, msiandamane, msinoe mikuki. Yuko kazini. Kimbieni na vibuyu.

Mmelielewa?

— Tumelielewa!

Mmelikubali?

— ...

Mbona kimya? Haya. Njia ya ngano yangu inaingia porini hapa, mimi siifuati tena. Kipande kitamu bebeni, kipande kichungu niachieni mwenye meno ya kukitafunia.

— Tumekuachia, mwenye ngano, ila kidogo tu!